Naomba ushauri: kusafisha sauti ya santuri ya Mughal-e-Azam

Wakuu, salaam. Marehemu baba aliniachia santuri ya Mughal-e-Azam, ile filamu ya Kihindi ya 1960 yenye muziki wa Naushad. Nimeihamishia kwenye kompyuta kwa Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti. Mikwaruzo mikubwa nimeiondoa mmoja mmoja, usiku mbili nzima. Kinachonishinda ni ile "shhh" ya nyuma: nikiipunguza, mwangwi wa mwimbaji Lata Mangeshkar kwenye wimbo "Pyar Kiya To Darna Kya" unakufa, anabaki kama kafunikwa blanketi. Mnapunguza kwa kiasi gani? Na fundi mmoja ananishauri niigeuze stereo (sauti ya pande mbili, kushoto na kulia), ila moyo unasita. Najua filamu ilipotiwa rangi 2004 sauti nayo ilifanyiwa kazi upya, lakini mie naitaka ile ya baba.