Deraya ya fedha: woshi inaacha pete, brashi kavu inaacha vumbi. Nirekebishe wapi?

FundiDogo: Wakuu, naomba ushauri. Napaka kikosi cha sanamu za mezani za milimita 32, zenye deraya nzito. Utaratibu: praima (rangi ya msingi) nyeusi, koti mbili za Leadbelcher (rangi ya chuma), Nuln Oil (woshi nyeusi, yaani rangi ya majimaji inayotuama mabondeni) sanamu nzima, halafu brashi kavu (brashi iliyofutwa karibu rangi yote, iguse sehemu zilizoinuka tu) ya fedha ya kung'aa. Kwenye dirii za minyororo na vidole vya glovu inatoka safi kabisa. Mabega na mapaja ndiyo yananishinda: woshi ikikauka kwenye yale mabapa mapana inaacha pete nyeusi, na fedha ya juu inakaa kama vumbi. Na mwisho nipige vanishi gani?

BrashiKavu: Mkuu, pete zinatokana na wingi wa woshi. Tone huanza kukaukia pembeni, maji ya katikati yanavutwa huko na kubeba weusi, basi unabaki ukingo mweusi na katikati peupe. Kwenye minyororo huzioni pete kwa sababu mashimo yanaimeza yote.

Usimwagie sanamu nzima. Chukua brashi ya ncha namba 1, pitisha woshi kwenye maungio ya mabamba na kuzunguka ribiti (vichwa vya misumari ya deraya) tu. Bapa lenyewe lipake utando mwembamba, uliopunguzwa na midiamu ya akriliki (kimiminika kisicho na rangi cha kupunguzia rangi) nusu kwa nusu. Maji matupu yanapunguza gundi ya rangi, na pete zinazidi. Ukiona dimbwi, linyonye papo hapo kwa brashi safi yenye unyevu kidogo. Likishaanza kushika, liache! Ukiligusa utachuna utando na kupata kovu baya kuliko pete. Chungulia pia kwapani na juu ya nyayo, ndiko linakojificha.

Zilizokwisha kuharibika hazihitaji kufutwa. Rudishia Leadbelcher nyembamba katikati ya bapa, acha maungio yabaki meusi.

Ribiti: Naongezea kuhusu vumbi. Kwanza hakikisha woshi imekauka kweli, nusu saa au zaidi, maana brashi kavu juu ya woshi mbichi inakwangua. Pili, brashi iliyotoka kuoshwa haifai hadi ikauke hadi kwenye mizizi ya nywele. Tatu, wengi wanafutia kwenye tishu. Tishu inanyonya unyevu wote, rangi inageuka unga kabla haijafika kwenye sanamu. Futia kwenye kadibodi au kipande cha mbao.

Tumia brashi ya duara yenye nywele laini, hata ya vipodozi inafaa. Chovya ncha tu, futa, kisha jaribu kwenye kidole gumba: rangi ishike mistari ya ngozi pekee. Ikijaza mifereji, bado ni nyingi. Kwenye deraya piga kutoka juu kwenda chini, ukikatiza kingo, kwa mkono mwepesi.

Halafu usiruke kutoka giza hadi fedha kali. Anza na Ironbreaker (fedha ya wastani), kisha Stormhost Silver (fedha kali) kwenye kingo za juu za kofia na mabega peke yake. Binafsi naona bapa pana halistahili brashi kavu hata kidogo. Buruta ubavu wa brashi ya ncha kwenye ukingo wake, utapata mstari safi.

FundiDogo: Nimeelewa, asanteni. Ila woshi si inaua mng'ao?

BrashiKavu: Inaufifisha, na mabondeni ndivyo tunavyotaka. Mng'ao unarudi kwenye kingo kwa ile fedha ya mwisho. Adui ni vanishi isiyong'aa: inatawanya mwanga, chuma kinaonekana kama rangi ya kijivu. Piga ya nusu mng'ao. Kama vitambaa lazima viwe bila mng'ao, pulizia sanamu nzima ile isiyong'aa, kisha urudie fedha ya kingo juu yake.

Ribiti: Na maji ya kuoshea brashi ya metali yawe na kikombe chake. Zile chembe bapa zinazoleta mng'ao zinabaki majini, baadaye unazikuta zikimetameta kwenye uso na joho. Ndiyo maana pia deraya ipakwe kwanza, ngozi na nguo zifuate, kwa kuwa brashi kavu haikosi kurukia jirani.

KingoSafi: Ukifika kwenye mapambo ya dhahabu, badili woshi. Nyeusi inaitia dhahabu uchafu wa kijani. Weka ya kahawia yenye wekundu, kama Reikland Fleshshade, kisha kingo uzipige dhahabu iliyochanganywa na fedha kidogo.