Mrejesho: zile roli mbili zilizokuwa zinagombania methodi moja

Wakuu nimerudi. Kwa ambao hawakuniona mara ya kwanza, nilikuwa na klasi ya Perl (lugha ya kuandikia programu) kwenye Moose (nyongeza ya Perl ya kutengenezea klasi) inayovuta roli mbili, yaani vifurushi vya methodi ambavyo klasi inaazima, zote zina methodi (kipande cha kodi chenye jina) inaitwa hifadhi, moja inaandika kwenye faili, nyingine kwenye databesi, programu ikawa inagoma kabisa kuwaka.

Ujanja wangu wa kwanza ulikuwa kuzitenganisha, kila roli na with yake (amri ya kuingiza roli kwenye klasi), na kweli kelele za makosa zikaisha nikajiona fundi, kumbe roli ya kwanza ikishaingia methodi yake inahesabika ya klasi yenyewe, ile ya pili inarukwa kimyakimya. Databesi ikakaa tupu siku 2! Bora hata ingeendelea kugoma.

Sasa nimezirudisha kwenye with moja, kila hifadhi nimeipa jina la pili kwa -alias, halafu klasi ina hifadhi yake inayoziita zote mbili kwa zamu. Ila angalieni, -alias inaongeza jina tu, la zamani linabaki palepale, kwa hiyo kama klasi haina methodi yake utahitaji na -excludes, inayozuia lile jina la zamani lisiingie. Hapo ndo nilipoteza jioni nzima. Aliyenishauri hii, asante sana mkuu.