Kuezua polikaboneti kibarazani: bati la msauzi, paneli za povu au vigae vya bati?

Kgb_Nyumbani: Wakuu, kibaraza ni mita 6 kwa 3.5, kimeegemea ukuta wa nyumba, pande tatu ni vioo. Juu kuna polikaboneti (plastiki ngumu inayopitisha mwanga) ya mm 10, mteremko sm 9 kwa kila mita. Saa sita mchana hakikaliki. Nataka paa lisilopitisha jua lakini jepesi, maana fremu ni paipu za mraba 40×40, unene mm 1.2. Bahari iko mita 400. Nichague lipi?

PaaBora: Vigae vya bati vitoe kwenye orodha. Mteremko wako ni nyuzi 5 tu, navyo vinataka angalau 12, yaani sm 21 kwa mita. Kufika hapo utanyanyua upande wa ukutani sm 42, na mara nyingi unakutana na madirisha au lenta. Ukilazimisha, mvua ya upepo inarudi juu kupitia maungio.

Yanabaki mawili. Bati la msauzi, lile la migongo, la geji 28 lina kama kilo 4 kwa mita ya mraba, paneli ya povu (povu katikati ya mabati mawili) ya mm 50 kama kilo 10. Usidanganyike lakini: bati tupu litakuchoma vilevile, kwa hiyo utaweka dari, na jipsamu ya mm 9 peke yake ni kilo 7 hivi. Uzito unakuja kuwa uleule.

Chomelea_Tanga: Uzito wa paa ndio mdogo kuliko yote hapo. Fundi mmoja akisimama katikati ya paipu ya 40×40×1.2 yenye urefu wa mita 3.5, paipu inapinda na hairudi. Toa zote. Weka 80×40 ya mm 2, upande mpana ukiwa wima, tano, kila mita 1.5. Juu yake papi za kukingama mistari minne, kila mita 1.2.

Mhandisi_Pwani: Hapo hapo. Kinachoua mapaa mepesi ni kunyanyuliwa. Upepo wa km 100 kwa saa una msukumo wa karibu kilo 47 kwa mita ya mraba. Kwa mita zako 21 ni kama tani moja, na paa la paneli halifiki kilo 250. Mlango ukiwa wazi upande wa upepo, hewa inasukuma pia kutoka ndani. Kwa hiyo boliti za nanga ziingie kwenye zege la lenta, si kwenye tofali wala plasta, na nguzo zifungwe kwenye msingi. Paipu kuchomelewa kwenye kibati kilichopigwa misumari minne haitoshi.

PaaBora: Mimi bado naona bati. Likiharibika moja unabadilisha moja. Ila karatasi ya alumini ipewe nafasi ya hewa ya mm 25 au zaidi, upande unaong’aa uangalie chini. Ikigusana na dari haizuii joto lolote.

Chomelea_Tanga: Kwa nyuzi 5 nachukua paneli. Sita za upana wa mita 1, urefu mita 3.8, kila moja kipande kimoja toka ukutani hadi mfereji, bila kuunga. Chagua povu la PU (poliyurethani). Lile jeupe linayeyuka kwa moto, na vibaraza vyetu jiko la mkaa halikosi. Skrubu za mm 110 au zaidi zipite kwenye mgongo wa bati, yaani sehemu iliyoinuka. Ukikaza kupita kiasi bati linabonyea, maji yanatuama palepale kwenye washa ya skrubu. Ncha ya chini funika kwa bati la pembe, la sivyo sisimizi na panya watahamia.

Mhandisi_Pwani: Na grenda isikate bati. Cheche zinaunguza rangi, na kwa mita 400 toka baharini kutu itaanza kwenye vidoa hivyo. Tumia mkasi. Ukutani, chonga mtaro wa mm 25, ingiza flashingi (bati la kuzuia maji kwenye maungio ya paa na ukuta), sm 15 juu ya paneli, ziba kwa silikoni ya nje. Simenti mbichi isiguse bati.

Kgb_Nyumbani: Nimeelewa, paneli ya PU. Sebule iliyo nyuma haitakuwa giza?

Chomelea_Tanga: Itapungua mwanga, ndiyo. Usitoboe paneli katikati. Paneli ya pembeni mojawapo, upande usiopata jua la jioni, iwe ya kupitisha mwanga yenye migongo ileile.

PaaBora: Na uipime migongo dukani kabla ya kulipia. Viwanda havilingani.