Nimelipia alfajiri ya Rubondo, nikapewa mchana wa jua kali

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Kuna wakala mmoja hapa Mwanza (jina silitaji, akisoma atajijua) katuuzia safari ya Rubondo, ile hifadhi ya kisiwani Ziwa Victoria, laki mbili na themanini kila kichwa. Makubaliano: tuondoke Ijumaa saa nne asubuhi, tulale kisiwani, Jumamosi saa kumi na mbili tuwe msituni na ndege. Hiyo saa kumi na mbili ndiyo niliyolipia mimi. Jua likishapanda ndege wananyamaza, wanajichimbia kwenye majani, unabaki kuhesabu miti.

Kosta ilitufuata saa tisa alasiri! Tumefika Nkome usiku, boti haivuki gizani, tukalala gesti kwa hela zetu. Nampigia, eti kivuko cha Busisi kiliwachelewesha. Kivuko kipi? Tumepita juu ya daraja, lile lililofunguliwa 2025. Hata uongo wake ni wa zamani.

Kisiwani tumekanyaga saa tano. Nilichofuata ni kasuku wa kijivu, wale walionaswa kwa walanguzi wakaachiwa huko mwaka 2000. Sikusikia hata mmoja. Risiti inasema "vifaa vya kutazamia ndege": darubini moja, watu kumi na moja, jicho la kushoto lina ukungu. Na kijana wao kaja na spika, bongofleva mpaka mwisho, ndani ya hifadhi! Mwongozaji wa hifadhi ndiye aliyemzimisha.

Huyo dada sina neno naye. Alitusimamisha ukingoni, akatuonyesha mti mkavu. Furukombe, yule tai mla samaki, akarusha kichwa nyuma mpaka karibu kiguse mgongo, akalia. Tukanyamaza wote, hata yule wa spika. Hazikupita sekunde kumi, nahodha anapiga honi: twende, boti imekodiwa mpaka saa nane tu.

Nimedai nusu ya hela yangu. Jibu lake: "Bosi, si ndege mmemwona?" Halafu anajitolea kunipeleka Saanane bure kama fidia. Saanane! Kisiwa ninachokiona nikianika nguo.

Risiti ninayo, meseji zote ninazo, na picha ya kosta ikiwa na saa. Aliyewahi kurudishiwa hela na wakala wa safari, alianzia wapi? Polisi, au kuna sehemu nyingine? Na nyie mnaotaka kwenda Rubondo Desemba, njooni inbox niwaambie wa kumkwepa.