Walimu wa kung fu China: walificha mbinu kweli au siri ni kichaka tu?

Ngumi_Jiwe: Wakuu, jana kijiweni nusura tushikane mashati. Kuna jamaa kakomaa kwamba walimu wa zamani kule China walikuwa wanafundisha robo tu, mbinu zenyewe zinabaki kwenye ukoo, ndo maana kung fu ya leo imepooza. Mimi nasema siri ni kichaka. Mtu hajui kitu, ukimuuliza anakwambia hujafika ngazi hiyo. Karibuni, hoja kwa hoja, matusi hapana.

Binti Makorora: Siri ilikuwepo, msibishe. Kijiji cha Chenjiagou kule Henan, ukoo wa Chen walikalia taichi yao, aina ya kung fu, miaka na miaka, mgeni hapewi. Akaja Yang Luchan, miaka ya 1800 na kitu, hadithi yao inasema alikuwa mtumishi pale, usiku anachungulia wenzie wakifanya mazoezi halafu anarudia peke yake, siku ya kudakwa wakamjaribisha wakakuta anawazidi wanafunzi wenyewe. Mzee Chen Changxing akaona isiwe tabu, akamfundisha. Huyo Yang ndo akaipeleka Beijing. Sasa kama hamna kitu alikuwa anachungulia nini jamani, watu wakioga?

Kobe Mwepesi: Dada hizo stori za kuchungulia kila mtaa zipo. Mimi nimelipa ada mwaka na nusu kwa mwalimu mmoja hapa Dar, jina namhifadhi. Ananikalisha kama nimepanda farasi, mapaja yanatetemeka mpaka jasho linadondoka kwenye sakafu unaliona, yeye kakaa kwenye ndoo anapuliza chai ya tangawizi. Namuuliza hii mtu akinivamia naitumiaje, ananijibu "mlango wako bado haujafunguka". Ila tarehe 1 ya ada mlango wake ulikuwa unafunguka wenyewe.

Ngumi_Jiwe: 😂😂 ndoo!

Sindano na Uzi: Mnamcheka mwalimu bure. Mimi fundi cherehani, na mimi kijana simfundishi kukata mwaka wa kwanza. Atafumua, atashona vifungo, atapiga pasi, kukata hapana. Wachina wenyewe wana msemo, ukimfundisha mwanafunzi akaiva mwalimu anakufa njaa. Ufundi ndo shamba langu, nikugawie heka zote nile nini?

Mama Nasra: Ahaa kumbe ni nyie! Mwanangu kakaa kwa fundi miaka miwili, kila kitambaa cha suti kikija anatumwa maji, akirudi kimeshakatwa. Siku moja kajifanya kasahau ndoo akarudi ghafla, fundi kageukia ukutani kaziba kitambaa kwa mgongo na chaki mkononi kama anaiba. Miaka miwili! Na chakula ananunua mwenyewe.

Sindano na Uzi: Mama yangu shikamoo, lakini usinihukumu kwa fundi mwingine. Kitambaa cha mteja kikikatwa vibaya kwapani hakirudi, nani analipa, mwanao?

Mama Nasra: Marahaba. Mpe gazeti akatie hilo, gazeti linalipwa na nani?

Kobe Mwepesi: Mama kamaliza. Gazeti!!

Mzee wa Gerezani: Turudi China kidogo. Mnachanganya vitu viwili. Kule kulikuwa na wanafunzi wa kulipa na kuondoka, na kulikuwa na wale wa kupiga magoti, kumpa mwalimu chai, kuinamisha kichwa mpaka chini, baada ya hapo wewe ni mtoto wa nyumbani, akiumwa unamuuguza. Huyo ndo alikuwa anapewa za ndani. Na hata yeye mwalimu anabakiza moja, wana hadithi ya paka aliyemfundisha chui milia kila kitu kasoro kupanda mti, chui alipomgeuka paka akapanda juu. Mtu unamfundisha kuua, lazima ujue ni nani. Kobe ulitaka uwe mtoto wa nyumbani kwa ada ya mwezi?

Kobe Mwepesi: Mzee wangu nakuheshimu ila hapo unanikosea, nani kasema nilitaka kuua mtu? Nilitaka kujua kukwepa ngumi. Basi.

Dogo_Uppercut: Nyie wote hamjamuona yule mpiganaji wa MMA, ile ya ngumi, mateke na mieleka pamoja, Xu Xiaodong, 2016 alivyomtandika bwana taichi Wei Lei? Hata nusu dakika haikuisha. Paka alisahau kupanda mti siku hiyo 😭

Binti Makorora: 2017, na ilikuwa Chengdu. Na kushindwa mmoja sio ushahidi kwamba hakuna siri, ni ushahidi kwamba yeye hakupewa.

Ngumi_Jiwe: Sasa hapo ndo ninapopasema!! Akishinda ni siri, akipigwa hakupewa siri. Hiyo hoja haishindwi hata ukiiletea bunduki. Na hizo siri zenyewe zilishatoka zamani, mwalimu Sun Lutang kachapa kitabu cha xingyi, mtindo mwingine wa kung fu, 1915, chama cha kung fu cha Jingwu walifungua pale Shanghai 1910 wakawa wanafundisha watu wa mjini hadharani, Chen Fake wa ukoo huohuo wa Chen kaenda Beijing 1928 kafundisha wasio ndugu zake. Miaka mia hii, kilichofichwa bado ni kipi?

Mzee wa Gerezani: Kitabu kinakuonyesha mkono uko wapi, hakikusukumi bega. Mwalimu akikugusa hapa chini ya kiuno mara moja unaelewa ulichosoma miezi sita. Hiyo huwezi kuichapa.

Dogo_Uppercut: Kwahiyo siri ni kuguswa kiuno? Naomba kujitoa kwenye mjadala.

Mzee wa Gerezani: Dogo mimi ni umri wa babu yako.

Dogo_Uppercut: Samahani babu. Shikamoo.

Ngumi_Jiwe: Jamani swali langu, walificha au hawakuficha?

Sindano na Uzi: Mama Nasra, mwanao bado yupo kwa huyo fundi? Mwambie aje Jumatatu. Gazeti aje nalo.

Mama Nasra: Aje nalo tena? Fundi hata gazeti huna!