Mtutu wa .30-06 unatawanya risasi: niusugue kwa njia ipi?

Swala_Pala: Wakuu salaam. Nina bunduki ya .30-06 niliyorithi kwa baba mdogo, leseni ipo. Risasi 5 kwa mita 100 zinatawanyika sentimita 9. Nimeambiwa nisugue mtutu ndani. Kuna pasta laini kwa kitambaa, kuna kusugua kwa kipande cha risasi (ile metali) kilichomiminwa humo humo kwenye mtutu, na kuna kufyatua risasi zilizopakwa unga wa kusagia. Ipi bora?

Mzee_wa_Kambi: Umeusafisha kwanza? Pitisha kitambaa chenye dawa ya amonia, subiri dakika chache, pitisha kikavu. Kikitoka cha bluu, hiyo ni shaba ya risasi iliyoganda miaka na miaka. Halafu kaza skrubu za kitako na za darubini. Nusu ya mitutu "mibovu" niliyoletewa kambini ilikuwa skrubu tu.

FundiChuma: Shikamoo mzee, umemaliza. Mkuu Swala, hiyo ya kumimina ni kazi ya watengenezaji. Krieger na Lilja kule Marekani husugua hivyo kabla mtutu haujachongwa chemba (pale risasi inapokaa), maana kwenye ncha kipande kikigeuza njia mtutu hupanuka kidogo kama tarumbeta. Wao wanazikata hizo ncha. Wewe utakata wapi?

Mbongo_Texas: Mimi nilifyatua zile za unga kwenye bunduki yangu ya .308. Ukweli, kusafisha kumekuwa rahisi, shaba haigandi kama zamani. Shabaha? Toka sentimita 5 hadi 4 na ushee. Ila pale mifereji ya ndani ya mtutu inapoanza pameliwa, na chuma kikishaondoka hakirudi. Kwa mtutu wenye mikwaruzo ndani ningekubali, kwa mzima hapana.

Swala_Pala: Na pasta ya kusagia valvu? Nina kopo zima gereji.

FundiChuma: Weee! Hiyo iache kwenye valvu. Chukua JB, ile pasta laini ya mitutu, ingizia fimbo kwa nyuma, tena na kiongozi chake (mrija unaoishika fimbo katikati). Fimbo ikigonga ukingo wa mdomo, risasi inatoka upande.

Swala_Pala: Mrejesho. Vitambaa 23 vya bluu! Skrubu ya mbele ya kitako ilizunguka kwa vidole. Sasa ni sentimita 5. Halafu mdomoni nimeona kovu, kama la punje ya mchele.

Mzee_wa_Kambi: Basi mpe fundi auchonge upya huo mdomo. Pasta rudisha dukani.