Naomba ushauri: programu ya mizani ya asali kwa C#, iventi na delegeti niziweke wapi?

Kijana wa Isevya

Wakuu, habari za jioni. Nipo Tabora mjini. Naandika programu ya C# (Windows Forms) ya ghala linalonunua asali. Wafugaji wa nyuki wanaleta ndoo kutoka Sikonge, Uyui na kwingineko, ndoo inapandishwa kwenye mizani ya kielektroniki iliyounganishwa na kompyuta kwa waya wa COM, kilo zinasomwa, mfugaji anachukua risiti na kulipwa.

Klasi ya Mizani, yaani sehemu ya programu inayosoma mizani, ilianza ndogo kabisa. Mwenye ghala akataka risiti, ndani ya Mizani nikaiita Printa. Akataka mfugaji apate ujumbe kwenye simu, nikaongeza. Akataka kioo kikubwa ukutani ili mfugaji ajionee kilo zake, nikaongeza. Leo Mizani inafahamu kila kifaa kilichomo ghalani. Nikigusa printa, ujumbe unagoma. Na siwezi kuijaribu Mizani nikiwa nyumbani kwa sababu inadai printa iwepo.

Naambiwa suluhisho ni delegeti na iventi, lakini mifano mingi ni ya kitufe kubonyezwa tu na inaishia hapo. Naomba mnieleweshe vinatofautianaje, na katika kazi hii nihamishe nini na niache nini. Hili ghala linalipa watu jasho lao, sitaki kubahatisha.

Fundi wa Nzega

Karibu mdogo wangu. Anza na delegeti. Ni aina, kama int au string zilivyo aina, ila kigezo chake hakishiki namba wala maneno, kinashika methodi, yaani kipande cha kodi kinachofanya kazi fulani. Unatangaza umbo la methodi hiyo: inapokea nini, inarudisha nini. Methodi yoyote yenye umbo hilo inaingia, iwe ya klasi gani. Na kigezo kimoja kinaweza kubeba methodi kadhaa kwa +=, ukikiita zinaitwa zote kwa zamu, kwa mpangilio ulioziingiza.

Wahenga walisema la mgambo likilia kuna jambo. Mpiga mgambo hazunguki nyumba kwa nyumba kumpangia kila mtu kazi. Anapiga, na kila mwenye shughuli na jambo hilo anajua la kufanya. Mizani yako inatakiwa iwe hivyo. Itangaze kwamba uzito umetulia, basi; tangazo hilo ndilo iventi. Printa na kioo vijiandikishe vyenyewe.

```
public event EventHandler<UzitoArgs> UzitoUmetulia;

UzitoUmetulia?.Invoke(this, new UzitoArgs(kilo));
```

Alama ya kuuliza hapo ni muhimu: kama hakuna aliyejiandikisha, kigezo ni null (kitupu), na bila alama hiyo programu inaanguka. Ilikuja na C# 6 mwaka 2015, zamani tulikuwa tunaandika if.

Sasa kwa nini neno event, wakati delegeti ya public nayo ingefanya kazi? Kwa sababu ya ulinzi. Delegeti ikiwa wazi, klasi yoyote ya nje inaweza kuandika = badala ya += na kufuta wasikilizaji wote waliotangulia. Baya zaidi, inaweza kuiita yenyewe, yaani kutangaza kilo ambazo hazikupanda mizani. Kwenye ghala la malipo hilo halivumiliki. Ukiweka event, wa nje wanabaki na += (kujiandikisha) na -= (kujiondoa) tu; kupiga ni haki ya Mizani peke yake.

Mtoto wa Kaliua

Mimi natoka upande wa Java, ambako delegeti hazipo. Tunatumia interfesi, yaani orodha ya methodi ambazo klasi inaahidi kuwa nazo: unatangaza MsikilizajiWaMizani, Printa inaitekeleza, Mizani inabeba orodha. Tangu Java 8 ya 2014 unaweza kupitisha lambda (methodi fupi isiyo na jina), kwa hiyo hata maandishi hayawi marefu. Kama wasikilizaji wako wana methodi tatu nne zinazokwenda pamoja, interfesi ni safi zaidi, hata kwenye C#. Ila kwa tangazo moja la kilo, nakubaliana na Fundi.

Dada wa Cheyo

Fundi amefafanua vizuri, mimi nijibu lile la nini kiache. Usihamishe kila kitu.

Kuna kitu hakijatajwa: kuandika uzito kwenye hifadhidata. Hicho usikifanye iventi, tafadhali. Iventi inafaa kwa kitu ambacho kikikosekana kazi bado ni halali. Kioo kikizimika, ununuzi ni halali. Rekodi isipoandikwa, mfugaji hana ushahidi. Kwa hiyo iwepo klasi ya Ununuzi inayopokea uzito, inaandika rekodi kwa kuiita hifadhidata moja kwa moja, na ikishajua imefanikiwa ndipo inapiga iventi yake, UnunuziUmekamilika. Risiti na ujumbe visikilize hiyo. Kioo pekee ndicho kisikilize Mizani.

Sababu ni namna iventi zinavyofanya kazi ndani. Wasikilizaji wanaitwa mmoja baada ya mwingine kwenye thredi (mkondo wa utekelezaji) ileile. Wa pili akitupa hitilafu, wa tatu haitwi kabisa, na hitilafu inarudi kwa aliyepiga. Maana yake modemu ya kutuma ujumbe ikikosa mtandao saa nne asubuhi, foleni imejaa watu na ndoo zao, risiti nazo zinakatika. Kila msikilizaji akamate hitilafu zake mwenyewe kwa try na catch. Na ujumbe wa simu usiutume ndani ya iventi, maana ukichukua sekunde kumi, wote wanasubiri sekunde kumi. Weka kwenye jedwali la ujumbe unaosubiri, kazi nyingine iutume pembeni.

Kijana wa Isevya

Asanteni sana wakuu, dada ubarikiwe. Nimetenganisha kama mlivyosema na Mizani sasa naijaribu nyumbani bila kifaa chochote. Kuna mawili yamejitokeza. Kioo kinatupa InvalidOperationException, kinalalamika kuguswa kutoka thredi nyingine. Na risiti: nikifungua fomu ya mfugaji, nikaifunga, nikafungua ya mwingine, risiti inatoka mbili, kisha tatu.

Mzee wa Mizani

La kwanza, mwanangu, linatoka kwenye SerialPort, klasi ya .NET inayosoma bandari ya COM. Iventi yake ya DataReceived haipigwi kwenye thredi ya skrini, inapigwa kwenye thredi ya pembeni, na Windows Forms haikubali lebo iguswe kutoka huko. Ndani ya msikilizaji wa kioo tumia BeginInvoke ya fomu, inayoikabidhi thredi ya skrini kazi bila kuisubiri. Usitumie Invoke ya fomu (siyo ile ya kupiga iventi), maana hiyo inasubiri: siku utakapofunga bandari ya COM, skrini itakuwa inaisubiri bandari, na bandari inaisubiri skrini, programu inaganda hapo hapo.

Na kwa kuwa nimekaa na mizani miaka mingi, nikuongezee hili. Usidhani kila DataReceived inaleta mstari mzima. Inaweza kuleta nusu ya namba. Ndoo ya kilo 25.40 ukasoma 25, au 5.40. Kusanya herufi hadi alama ya mwisho wa mstari ndipo utafsiri. Pia mizani nyingi hutanguliza ST uzito ukitulia na US ukiwa bado unacheza. Angalia kijitabu cha mizani yako, na upige UzitoUmetulia pale tu mizani yenyewe iliposema umetulia.

Fundi wa Nzega

La risiti: fomu inajiandikisha kwa += inapofunguka, lakini haijiondoi inapofungwa. Ununuzi unaishi kutwa nzima na unaishikilia ile fomu iliyofungwa, kwa hiyo .NET haiwezi kuizoa kwenye memori, na bado inasikia kila tangazo. Fomu tatu, risiti tatu. Weka -= kwenye FormClosed. Kama ulijiandikisha kwa lambda, kuandika lambda nyingine inayofanana baada ya -= hakuondoi kitu; ipe methodi jina ndipo uitoe. Ila hata kabla ya hapo, risiti haina kazi kwenye fomu. Msikilizaji wa printa aandikishwe mara moja, programu inapowaka.

Kijana wa Isevya

Imekaa sawa, risiti ni moja. Swali la mwisho. Mwenye ghala anataka unyevu wa asali upimwe, ukizidi asilimia 20 ununuzi ukataliwe. Nayo niifanye iventi, msikilizaji arudishe true au false?

Dada wa Cheyo

Hapana kaka. Delegeti yenye wasikilizaji kadhaa ikiitwa, unapata jibu la wa mwisho tu, ya wengine yanapotea. Wa kwanza akisema asali ina maji, wa pili akisema bei iko sawa, wewe utasikia bei iko sawa na utanunua.

Microsoft wenyewe kwa jambo la kukataza wanapitisha objekti yenye Cancel, kama kwenye FormClosing, na msikilizaji yeyote anaweza kuiweka true. Inafanya kazi, ila anayefuata anaweza kuirudisha false. Kwako wewe uamuzi ni mmoja na una mwenyewe mmoja, kwa hiyo delegeti ya kawaida inatosha, bila event: mpe Ununuzi Func<Sampuli, bool> kwenye konstrakta (methodi inayounda objekti), yaani delegeti inayopokea sampuli ya asali na kurudisha true au false. Ukijaribu nyumbani unampa lambda inayorudisha false, unaona kama kweli hakuna rekodi iliyoandikwa. Ikikataliwa, hapo ndipo upige iventi ya UnunuziUmekataliwa, ichapishe karatasi yenye kipimo cha unyevu, mfugaji aondoke akijua kwa nini.

Kijana wa Isevya

Hiyo karatasi ya kukataliwa hata mwenye ghala hakuiwaza. Naiweka, dada. Naanza na Func usiku huu.